Beba Daftari: Kwa Wewe Unayemsindikiza Mlalamishi

Siku dada yako, jirani au mfanyakazi mwenzako atakapokuomba umsindikize kituo cha polisi, tia daftari na kalamu mkobani kabla ya kutoka. Yeye hatakuwa na utulivu wa kuandika. Mtu aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeporwa au aliyeuliwa mtoto hukumbuka mambo vipande vipande, na siku hiyo ya kwanza ndiyo ataulizwa maswali mengi kuliko siku nyingine yoyote. Kumbukumbu yake itakuwa wewe: mmepokewa na afisa gani, saa ngapi, amesema nini, mrudi lini na mkirudi mumwulizie nani.

Walalamishi wameandikiwa mashauri mengi, na serikali imependekezewa mageuzi mengi zaidi. Wasindikizaji hawaandikiwi. Nami naona kwamba hapa Kenya, ukifungua vitabu vya sheria, mwathiriwa wa uhalifu amepewa haki nyingi kuliko anazozijua. Kesi yake hufia njiani: baina ya kituo na hospitali, baina ya hospitali na afisi ya kiongozi wa mashtaka, baina ya kutajwa kwa kesi mwezi wa tatu na kusikizwa mwezi wa tisa. Kila afisi ina mtu wake na saa zake za kufunga. Anayepita afisi zote hizo ni mlalamishi peke yake, tena akiwa katika hali mbaya kuliko wote. Akipata mtu mmoja wa kupita naye mwanzo hadi mwisho, kesi hubadilika sura.

Tuanze na kituo. Kila taarifa inayofikishwa kwa polisi huandikwa katika kitabu cha matukio, na mlalamishi hupewa nambari ya OB. Msiondoke bila nambari hiyo, hata kama afisa ni mpole na ameahidi kushughulikia jambo lenu yeye mwenyewe. Bila OB, kesho mkirudi zamu imebadilika na hakuna anayewajua. Mkiambiwa nendeni mkaelewane nyumbani, au afisa wa dawati la jinsia hayupo njooni Jumatatu, ombeni kwa adabu kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS. Adabu ni muhimu hapa. Ukipandisha sauti, afisa atakushughulikia wewe na kumwacha uliyemleta.

Pale pale mtapewa fomu ya P3 ikiwa kuna majeraha. Polisi huitoa, daktari au afisa wa kliniki huijaza baada ya kumpima aliyeumia, kisha hurudishwa kwa polisi. Fomu yenyewe haiuzwi. Anayetaka hela za kuitoa kwenye droo anatafuta chai. Ikishajazwa, ipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuirudisha. Nimesikia kisa baada ya kisa cha P3 iliyopotea katika faili, na picha ya simu, ijapokuwa haichukui nafasi ya fomu yenyewe, humsaidia afisa kupata nyingine bila mlalamishi kuanza upya. Majeraha nayo yapigwe picha, tena zaidi ya mara moja: uvimbe na mavilio ya damu mara nyingi huonekana wazi siku ya pili au ya tatu kuliko siku ya kwanza.

Lakini ikiwa mtu anavuja damu au amebakwa, pitieni hospitali kwanza. Watu wengi bado wanaamini kwamba daktari hawezi kumgusa aliyebakwa bila karatasi ya polisi. Si kweli. Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na mwongozo wa Wizara ya Afya unamruhusu mhudumu kumtibu manusura hata kama hajafika polisi wala hataki kufika. Saa ndizo adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, na kadiri zinavyowahiwa ndivyo zinavyofaa. Asioge, asipige mswaki, asibadilishe nguo ikiwezekana. Akishabadilisha, nguo zile zikaushwe kivulini bila kufuliwa, zitiwe katika bahasha ya khaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hauruhusu hewa kupita. Unyevu hubaki ndani na ushahidi huharibika. Hospitalini ulizia fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa. Hiyo hujazwa na mhudumu wa afya, na ndiyo humsaidia daktari atakayejaza P3 siku nyingine kujua kilichoonekana siku ya kwanza.

Sasa hebu tusimame kidogo kwenye sheria, kwa sababu msindikizaji anayejua sheria hata kwa juu juu huulizwa maswali machache ya dharau.

Kwa miaka mingi aliyetendewa uhalifu alikuwa shahidi tu. Kesi ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na yeye aliitwa, akasema, akaondoka. Katiba ya mwaka 2010 ililiagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na mwaka 2014 ikapatikana Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa. Humo utakuta haki ya kuhudhuria kesi yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi aliyemchagua, kusikizwa maoni yake pale mashtaka yanapojadiliwa ili yapunguzwe, usalama wake kufikiriwa mshtakiwa anapoomba dhamana, na kulipwa fidia. Mwezi Septemba 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji, iliongeza jambo kubwa: wakili wa mwathiriwa si wa kukaa nyuma akitazama na kuandika tu. Kwa ruhusa ya jaji anaweza kutoa maoni na kuibua ushahidi uliosahauliwa, mradi asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili na asimnyime mshtakiwa haki ya kesi ya usawa. Mpaka huo ni wa haki. Mshtakiwa pia ni mtoto wa mtu, na hukumu iliyopatikana kwa kumwonea hubomolewa kwenye rufaa.

Sheria hizi hazikudondoka kutoka mbinguni. Mwezi Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za kikatiba za wasichana walionajisiwa, kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Mwaka huo huo huko Busia, washukiwa wa kumbaka msichana kwa genge walipewa adhabu ya kufyeka nyasi za kituo cha polisi, wakaenda zao. Kelele zilipovuka mipaka ya nchi ndipo kesi ikafufuliwa, na mwaka 2015 watu watatu wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Tazama basi: polisi walikuwapo, sheria ya makosa ya ngono ilikuwapo tangu mwaka 2006, msichana alikuwa ameripoti. Mambo yalisonga pale tu walipojitokeza watu waliokataa kuondoka.

Turudi kituoni, kwenye taarifa. Hii ndiyo karatasi itakayomfuata mlalamishi hadi siku ya mwisho, kwa kuwa wakili wa mshtakiwa ataisoma neno kwa neno akitafuta mahali ilipopishana na maneno ya kortini. Aandikishe akiwa ametulia na ametibiwa. Asilazimishwe kusema Kiingereza wala Kiswahili kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kigiriama, Kiturkana au Kisomali, aombe mkalimani. Afisa akimaliza kuandika, taarifa isomwe upya kwa sauti kabla ya sahihi. Hapo ndipo utagundua kwamba "aliponivuta nilianguka" imeandikwa "tulianguka", au saa mbili usiku imegeuka saa nane kwa sababu mmoja alikuwa akihesabu kwa saa za Kiswahili na mwingine kwa saa za Kiingereza. Kosa kama hilo lirekebishwe siku hiyo hiyo. Na asichokijua aseme hakijui. Watu wengi, kwa hamu ya kuaminiwa, hujaza mapengo kwa kukisia, kisha miezi minane baadaye wanashindwa kukumbuka walikisia nini.

Wewe msindikizaji usimjibie. Ukijibu, taarifa inakuwa yako. Kaa karibu, mpe maji, nyamaza.

Baada ya hapo faili hupewa afisa mchunguzi. Mjue jina, mjue simu, mpigie kila wiki mbili bila ugomvi: faili imefika wapi, imepelekwa kwa afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kuna shahidi anayetafutwa? Kila simu ina mstari wake daftarini. Wakati mwingine mtaambiwa gari halina mafuta na mshukiwa yuko pale tu ng'ambo ya mto. Wako watu wema hutoa hizo elfu mbili, wakisema heri akamatwe leo kuliko kesho asionekane. Siwezi kuwatukana, ila ushauri wangu ni msitoe. Leo ni mafuta, kesho ni kadi ya simu, na siku ya kesi wakili wa upande wa pili atauliza kwa tabasamu nani aligharimia safari ya kumkamata mteja wake. Andikeni barua fupi kwa OCS yenye nambari ya OB, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, nakala ipande kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye Katiba inampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali afanye uchunguzi, na kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi. Barua iliyo na tarehe saba au nane zilizotoka daftarini husomwa. Barua ya "tumehangaishwa sana" huwekwa chini ya nyingine.

Dhamana huvunja watu moyo. Mshukiwa amekamatwa Ijumaa, Jumanne anaonekana sokoni akinunua samaki, na mtaa mzima unasema kesi imekwisha. Mweleze mlalamishi mapema kwamba dhamana ni haki ya kila mshtakiwa isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima, na kwamba kesi iko pale pale. Kinachowezekana ni kuhakikisha korti inajua kuna hatari. Ikiwa kuna vitisho, au mshtakiwa anaishi kwenye ua mmoja na mtoto atakayetoa ushahidi, mwambieni afisa mchunguzi na kiongozi wa mashtaka kabla ya siku ya ombi la dhamana, ili waweke hoja hiyo kwa maandishi. Hakimu anaweza kuweka masharti: asikaribie nyumba hiyo, asimpigie mlalamishi simu, ahamie kwa ndugu kaunti nyingine. Akivunja sharti, ni OB nyingine, siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu wa kutisha usifutwe hata kama unaumiza kuusoma. Penye hatari ya maisha kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, na kiongozi wa mashtaka ndiye wa kumwambia kwanza. Na ikiwa anayetisha ni mume, mke au jamaa wa nyumbani, sheria ya mwaka 2015 dhidi ya dhuluma za kinyumbani inaruhusu kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu, na amri ya muda inaweza kutolewa hata kabla mwenye kutisha hajasikizwa.

Kuna wageni wa aina nyingine ambao hawatishi mtu. Huja jioni, na sukari na majani ya chai. Wazee wa ukoo, mjumbe wa nyumba kumi, pengine mchungaji au imamu. Kaskazini mashariki, huko Garissa, Wajir na Mandera, jambo hili lina jina lake, maslaha. Kwingineko halina jina lakini lipo, Kilifi hadi Kisii. Wanazungumza na baba. Wanazungumza juu ya amani ya familia mbili, jina la msichana, kijana ambaye maisha yake yataharibika. Panatajwa mbuzi, panatajwa ngamia, panatajwa karo ya shule. Aliyetendewa yuko jikoni akipika chai ya kikao hicho.

Sina neno baya na mashauri ya wazee. Katiba yenyewe inaziagiza mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na ng'ombe walioingia shamba la mahindi hawahitaji hakimu. Lakini Katiba hiyo hiyo inaweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za mtu wala kuleta matokeo yasiyo ya haki. Kwa makosa ya ngono, sheria ya 2006 inaliweka wazi kwamba uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka si wa familia. Ni wa upande wa mashtaka wa serikali. Na hata Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe hawezi kuiondoa kesi iliyokwisha kufika mahakamani bila ruhusa ya korti. Kwa hiyo baba aliyepokea mbuzi amepokea kitu kwa kubadilishana na kisicho chake.

Msindikizaji afanye nini jioni hiyo? Kwanza, usiwatukane wazee; mtaendelea kuchota maji kisima kimoja. Sema kwamba shauri sasa ni la Jamhuri na ninyi hamna uwezo wa kulifuta. Ni kweli, na linawapa wote njia ya kuondoka bila kuaibika. Pili, andika waliokuja, siku waliyokuja na walichoahidi, maana kumshawishi shahidi asifike kortini ni kosa la jinai na afisa mchunguzi anapaswa kujua. Tatu, na hili ndilo zito, mtafute mlalamishi akiwa peke yake umwulize anataka nini. Usimwulize mbele ya mama yake.

Atakaposema amechoka, anataka iishe, usimhubirie. Wasindikizaji wenye ari hukosea sana hapa. Wanaibeba kesi kama bendera na mwenye kesi anabaki nyuma. Uliza amechoshwa na nini. Akisema hofu, rudini kwenye masharti ya dhamana. Akisema nauli ya kutoka Lunga Lunga hadi mahakama ya Kwale kila mwezi, hilo chama chenu kinaweza kulimaliza kwa kikao kimoja, maana kuchanga ndiyo kazi tunayoijua vizuri kuliko taifa lolote. Akisema mshtakiwa ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba, basi hapo kuna kazi ya kutafuta makao na riziki, na pasipo hiyo hakuna kifungu cha sheria kitakachomfikisha kizimbani. Na akisema tu hataki, mwache aende yeye mwenyewe kumweleza kiongozi wa mashtaka. Huenda hakimu akamwuliza maswali ili ajue kama amelazimishwa. Uamuzi utabaki kwa korti, lakini sauti itakuwa yake.

Siku ya kesi fikeni mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Angalieni orodha ya kesi ukutani au mumwulize karani: nambari ya kesi, chumba cha ngapi, kesi inatajwa tu au inasikizwa. Tofauti hiyo huokoa nauli, kwa kuwa kwenye kutajwa kwa kesi mara nyingi mlalamishi hahitajiki kusema lolote, ingawa ana haki ya kuwapo. Mtafuteni kiongozi wa mashtaka kabla hakimu hajaingia. Ana mafaili tele mkononi na pengine ndiyo mara ya kwanza kuliona lenu. Dakika tano za kumsalimu na kumwonyesha mlalamishi zina thamani. Mwombeni amruhusu mlalamishi asome taarifa yake kabla ya kupanda kizimbani. Hilo linaruhusiwa.

Jambo ambalo watu hugundua wakiwa wamechelewa: shahidi ambaye bado hajatoa ushahidi hukaa nje ya chumba cha korti. Kama wewe nawe ni shahidi, hutaweza kukaa ndani mlalamishi anapohojiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo atafutwe mtu mwingine, asiyehusika na tukio, wa kukaa ndani pale macho ya mlalamishi yatakapomwona. Shangazi aliyemkuta mtoto akilia ni shahidi. Mwalimu wa kwaya ambaye hakuwapo anafaa zaidi kwa kiti hicho.

Katika kesi za makosa ya ngono, na hasa za watoto, kiongozi wa mashtaka anaweza kuomba shahidi akingwe asionane na mshtakiwa ana kwa ana, watu watolewe chumbani, jina lisichapishwe, au awepo mtu wa kati wa kumfikishia maswali kwa lugha anayoielewa. Mshtakiwa asiye na wakili hapaswi kumhoji shahidi wa aina hiyo moja kwa moja; maswali huyatoa kwa korti, nayo korti huyarudia. Maisha ya mapenzi ya mlalamishi ya siku za nyuma hayaulizwi bila hakimu kuruhusu. Na ile kauli ya "hakukuwa na shahidi mwingine" isiwatishe: sheria ya ushahidi inairuhusu korti kumtia mtu hatiani katika makosa ya ngono kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, mradi hakimu aandike kwa nini ameamini kwamba anasema kweli. Yaombeni mambo haya mapema, kabla ya siku yenyewe. Mwaka 2022 Shanzu, Mombasa, ilifunguliwa mahakama maalum ya kesi za dhuluma za kijinsia, na nyingine zimefuata. Huko mambo haya ni desturi. Kwenye mahakama ya kawaida yenye chumba kimoja na kipande cha kitambaa, itabidi mkumbushe.

Mtayarishe mlalamishi kwa kuahirishwa. Wakili anaumwa, faili halionekani, hakimu yuko kwenye mafunzo, daktari aliyejaza P3 amehamishwa. Gumu kuliko yote ni hakimu mwenyewe kuhamishwa kesi ikiwa katikati. Mwingine anapoichukua, mshtakiwa ana haki ya kutaka mashahidi waitwe tena. Nimeona watu wazima wakilia kwenye baraza za mahakama kwa kuambiwa warudie yale waliyoyasema mwaka uliopita kwa shida. Si lazima itokee, lakini akilijua kabla, halitamwangusha.

Usimfundishe cha kusema. Ushahidi uliokaririwa hunuka, na wakili mzoefu huupata kwa swali la pili. Mfundishe tu kwamba anaweza kuomba swali lirudiwe, anaweza kuomba maji, anaweza kusema "sikumbuki" bila aibu, na kwamba anapojibu amtazame hakimu. Wala usiweke chochote mtandaoni, hata picha ya jengo la mahakama na maneno ya kumwombea dua. Mtaa utajua ni nani.

Wizi na unyang'anyi nitaupitia haraka, ingawa ndio unaowapata wengi. Kaa na risiti, nambari ya IMEI ya simu, alama za ng'ombe, picha za zamani za mali yako. Mali ikipatikana huzuiliwa kama kidhibiti, na mtu hukaa bila pikipiki yake ya kazi kesi ikisota. Ombeni kupitia kiongozi wa mashtaka korti iruhusu ipigwe picha na kurudishwa kwa mwenyewe, kwa masharti asiiuze. Mahakimu wengi hukubali pasipo na ubishi kuhusu mali ni ya nani.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, msikimbilie nje kushangilia, maana kuna kikao cha adhabu. Hapo mlalamishi, au familia ikiwa mwenyewe ameuawa, anaweza kutoa taarifa ya jinsi kosa lilivyomwathiri. Afisa wa probesheni humsaidia kuiandaa. Isiwe hotuba. Iseme: naogopa kulala peke yangu, mkono wa kulia haushiki jembe, nimeacha shule muhula wa pili, nimelipa hospitali kiasi hiki na risiti hizi hapa. Kwenye risiti hizo ndipo fidia inaposimama, kwa kuwa sheria ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kudai gharama za matibabu, hasara ya mali na maumivu kutoka kwa aliyemtendea. Msisubiri korti ikumbuke yenyewe; mwambieni kiongozi wa mashtaka aombe, na risiti za nauli, dawa na ushauri nasaha ziwe zimekusanywa tangu siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba wafungwa wengi hawana kitu, na amri ya fidia dhidi ya mtu asiye na hata shamba la kuuza hubaki karatasi. Sheria iliweka pia hazina ya waathiriwa ili pengo hilo lizibwe, na kwangu mimi hili ndilo eneo ambalo Bunge linastahili kusumbuliwa kila mwaka wakati wa bajeti.

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, na anaweza kuomba dhamana akisubiri. Hakuna atakayewapigia simu. Mwulizeni kiongozi wa mashtaka wiki tatu baada ya hukumu kama rufaa imewasilishwa, mchukue nambari yake katika Mahakama Kuu, na mseme wazi kwamba mlalamishi anataka kuarifiwa ikisikizwa.

Na wewe, baada ya yote haya, utakuwa unayajua mambo ya mahakama yenu kuliko wengi wanaofanya kazi humo. Vituo vya mahakama vina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo hukutanisha mahakimu, polisi, magereza, maafisa wa probesheni, mawakili na mashirika ya kijamii. Mwulize karani inakutana lini na nani anawakilisha wananchi, kisha mpelekee mambo uliyoyaona. Achana na yale ya kujengewa jumba jipya. Anza na yasiyohitaji senti. Kesi za watoto ziitwe kwanza asubuhi. Mashahidi wapigiwe simu jioni kesi inapojulikana kuwa itaahirishwa, wasisafiri bure. Na patafutwe chumba, hata stoo iliyofagiliwa, ambamo mlalamishi atasubiri bila kukaa benchi moja na ndugu za mshtakiwa.